Kompyuta, printa na hesabu: ulinganisho kwa anayefanya biashara peke yake

Katika kampuni yenye watu ishirini, kompyuta ikigoma kuwaka asubuhi yupo wa kuishughulikia, na wapo wa kuendelea kuwahudumia wateja. Ukiwa peke yako, fundi ni wewe na mhudumu ni wewe, na saa zinazoliwa na kazi ya kwanza zinatoka kwenye ya pili. Ndiyo maana ulinganisho unaoshindanisha kasi za prosesa na ung'avu wa skrini haumfikishi mbali mtu wa namna hii. Hapa nitapima kila kitu kwa maswali mawili. Kikiharibika, utarudi kazini baada ya muda gani? Na siku ukitaka kukiacha, utaondoka na nini mkononi?

Ya mezani, mpakato au simu

Kwa fedha ile ile, kompyuta ya mezani hukupa nguvu zaidi, na ikiharibika hutengenezwa kipande kwa kipande: pawa saplai leo, diski mwakani, kibodi wakati wowote. Mpakato ikimwagikiwa maji kwenye kibodi inaweza kuwa imekwisha yote. Kwa swali la kwanza, basi, ya mezani inaongoza, mpaka umeme unapokatika. Hapo huzimika pale pale na ankara uliyokuwa ukiiandika, isipokuwa kama una UPS, yaani kisanduku cha betri ya akiba, na UPS ndogo ni ya kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, si ya kukuwezesha kuendelea. Mpakato ina betri yake na itaendelea kwa saa kadhaa. Tena unaibeba hadi kwa mteja.

Simu nayo usiidharau. Anayeuza kwa picha na ujumbe anaweza kuendesha kila kitu humo: kupiga picha za bidhaa, kupokea oda, kupokea malipo, kutuma risiti. Inaposhindwa ni pale unapotakiwa kuona vitu viwili kwa wakati mmoja, kama taarifa ya benki upande huu na daftari la mauzo upande ule. Tableti yenye kibodi hupunguza tatizo hilo lakini haiondoi. Kama simu ndiyo chombo chako kikuu, kabla ya kuangalia kamera angalia ni miaka mingapi mtengenezaji ameahidi masasisho ya usalama. Google kuanzia Pixel 8 na Samsung kuanzia Galaxy S24 waliahidi miaka 7. Simu nyingi za bei ya chini ahadi yake ni fupi kuliko hiyo, na nyingine hazina ahadi yoyote.

Kwa watu wengi ningechagua mpakato ya wastani, kisha niongeze skrini ya inchi 24 na kibodi ya kawaida mezani. Skrini nzuri huishi kuliko kompyuta. Itahudumia mbili au tatu kabla ya kuchoka, na shingo yako itashukuru. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo kutwa nzima asinisikilize, anunue ya mezani.

Mpya ya bei ya chini au ya kiofisi iliyotumika

Fedha nyingi hupotea hapa. Mpakato mpya ya bei ya chini kabisa inang'aa na ina waranti, lakini ukiifungua mara nyingi utakuta RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ndogo iliyochomelewa kwenye bodi, hifadhi finyu isiyobadilishika, na bawaba za plastiki. Kwa fedha hizo hizo unaweza kupata ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell au EliteBook ya HP iliyotumika. Hizi hununuliwa na kampuni kubwa kwa mafungu, zikatumika miaka kadhaa, kisha zikauzwa zote kwa pamoja. Kwa sababu zilikuwa nyingi, vipuri vyake ni vingi. Watengenezaji wake huchapisha miongozo ya ufundi, na mtu mwenye bisibisi anaweza kubadilisha diski kwa muda mfupi. Hapo swali la kwanza limejibiwa vizuri.

Zina mitego miwili. Wa kwanza ni betri: ya lithiamu huchakaa kwa kila mzunguko wa kuchaji, hata kama kasha la kompyuta linaonekana jipya. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na utapata ripoti inayoonyesha betri ilitengenezwa ishike kiasi gani na sasa inashika kiasi gani. Muuzaji anayekataa ufanye hivyo amekwisha kukujibu.

Wa pili ni Windows yenyewe. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda mbele kwa walio wengi. Zipo kompyuta nzuri sana sokoni ambazo zimeanguka upande usiofaa wa mstari huo, na bei zake zinavutia kwa sababu hiyo hasa. Ukiinunua moja, nunua ukiwa umekubali kuitumia kwa Linux, mfumo endeshi huria unaowekwa badala ya Windows. Linux Mint na Ubuntu zitaipa miaka mingi ya uhai, lakini Photoshop na Excel ya kusakinisha hazina toleo la Linux, na programu nyingi za mamlaka za kodi au za mashine maalumu hutengenezwa kwa Windows tu. Uliza kwanza, kisha ununue.

MacBook Air zenye chipu ya Apple, zilizoanza mwaka 2020, hazina feni wala kelele, na betri yake inadumu kwa kazi ya kutwa. Tatizo ni kwamba RAM na hifadhi haviongezwi baadaye. Siku unayolipa umeamua kwa maisha yote ya mashine. Apple ilianza kuziuza kwa GB 16 kama kiwango cha chini Oktoba 2024. Zilizotumika nyingi ni za GB 8, na kwa anayefungua kurasa nyingi pamoja na programu ya picha hiyo inabana. Bodi ikifa, mafaili yaliyomo yamekwenda nayo.

Chromebook, mpakato ya mfumo wa Google ambayo kazi zake hukaa mtandaoni, ndiyo inayonishangaza katika kipimo hiki. Ikianguka ikavunjika, unaingia kwenye nyingine kwa akaunti yako na kazi yote ipo. Hakuna inayorudisha mtu kazini haraka kama hiyo. Zilizotolewa kuanzia 2021 hupata masasisho kwa miaka 10, ila hesabu huanza modeli ilipotoka, si ulipoinunua wewe. Inamfaa yule ambaye kazi yake yote iko ndani ya kivinjari. Mwingine yeyote ataisumbukia.

Kwa vipimo: RAM ya GB 8 ni ya kuvumilia, 16 ni ya kufanyia kazi. Diski iwe SSD, ile isiyo na kipande kinachozunguka. Hili la mwisho halina mjadala. Kompyuta ya zamani iliyowekewa SSD huipita kwa raha mpya yenye diski ya kuzunguka.

Printa

Huenda huihitaji. Ankara nyingi sasa husafiri kama PDF na mikataba husainiwa kwenye skrini.

Ukishaamua kununua, jiulize utachapa mara ngapi kabla ya kujiuliza utachapa nini. Wino ni kimiminika. Printa ya wino ikikaa wiki kadhaa bila kazi, matundu ya kichwa cha kuchapia hukauka na kuziba, na usafishaji wake hutumia wino ule ule ulioulipia. Tona ya leza ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto ukashikana na karatasi, hivyo hauna cha kukauka. Iache miezi mitatu, iwashe, na ukurasa wa kwanza utatoka safi. Anayechapa mara moja moja, maandishi matupu, achukue leza ya rangi nyeusi. Anayechapa kila siku na kwa rangi achukue printa ya tangi, kama EcoTank ya Epson, MegaTank ya Canon au Smart Tank ya HP, ambayo wino wake humiminwa kutoka kwenye chupa. Ile ndogo ya katriji, inayouzwa kwa bei ya kutupa, sioni inamfaa nani katika biashara. Bei yake hurudishwa kwenye katriji, polepole na kwa faida.

Leza huvuta umeme mwingi kwa ghafla inapojipasha joto, kwa hiyo usiichomeke kwenye UPS ndogo pamoja na kompyuta. Printa ya risiti ya joto, ya karatasi ya milimita 58 au 80, haitumii wino wala tona, lakini maandishi yake hufifia kwa jua na joto. Risiti ya namna hiyo unayotakiwa kuitunza kwa miaka ipige picha siku unayoipokea.

Microsoft 365, Google au LibreOffice

Kama wateja wako wanakutumia mikataba ya Word yenye masahihisho ya rangi rangi pembeni, lipa Microsoft na usijitese. LibreOffice, programu za ofisi za bure, hufungua mafaili hayo, lakini jedwali moja likihama nusu ukurasa mbele ya mwanasheria wa mteja, utakuwa umepoteza zaidi ya ada ya mwaka. Kama unaandika mwenyewe, unatuma PDF, na hakuna anayehariri kazi yako, LibreOffice inatosha na ziada. Google Docs na Sheets hushinda pale watu wawili wanapoandika kwenye waraka mmoja kwa pamoja, au unapohama kati ya simu na kompyuta mara kumi kwa siku. Kumbuka tu kwamba kufanya kazi bila intaneti inabidi ukuwashe mapema, mtandao ukiwa bado upo.

Tofauti yao kubwa iko kwenye kuondoka. Ukiacha kulipia Microsoft 365, programu zake za kusakinisha hukuruhusu kufungua na kuchapa, si kuhariri. Google ina huduma ya Takeout inayokutolea kila kitu kwa mkupuo. LibreOffice haina cha kuondokea: faili liko kwenye diski yako tangu mwanzo, na kwa kuwa ni programu huria, toleo ulilolisakinisha hakuna atakayekuja kukubadilishia masharti yake. Huduma ya bure ya kampuni haina kinga hiyo. Evernote ilikuwa daftari la watu wengi kwa miaka, hadi Desemba 2023 wasiolipa walipowekewa kikomo cha noti 50. Kwa upande mwingine, Affinity, programu za usanifu zilizokuwa zikilipiwa mara moja, zilinunuliwa na Canva mwaka 2024 na mwaka uliofuata zikafanywa bure. Mabadiliko huja kwa pande zote. Hoja yangu ni kwamba hayakuhusishi wewe, kwa hiyo faili la kazi yako liwe katika muundo ambao programu nyingine mbili zinaweza kuufungua.

Hesabu

Kompyuta mbaya itakuudhi kila siku, utaibadilisha. Mfumo mbaya wa hesabu hunyamaza mwaka mzima, kisha husema yote wiki ya kufunga hesabu. Ndiyo maana naukawilia.

| | Lahajedwali (kama Excel) | GnuCash (programu ya hesabu ya kusakinisha) | Huduma ya mtandaoni (Xero, QuickBooks Online, Zoho Books) |
|---|---|---|---|
| Gharama | Huenda unayo tayari | Bure | Kwa kawaida ada ya mwezi |
| Data iko wapi | Faili lako | Faili lako | Seva za kampuni |
| Bila intaneti | Hufanya kazi | Hufanya kazi | Karibu haiwezekani |
| Kujifunza | Muda mfupi | Muda na subira | Si muda mrefu |
| Kiasi kisicholingana | Hupita kimya | Huonyeshwa | Huonyeshwa |
| Mhasibu wako | Hutumiwa faili | Hutumiwa ripoti | Huingia mwenyewe |
| Kuondoka | Huna unachoacha | CSV (faili la maandishi matupu linalofunguka kwenye lahajedwali) na ripoti | Ripoti hutoka, viambatisho kwa shida |

Lahajedwali hutukanwa sana na wauza programu, na si kwa haki. Kwa anayetoa ankara chache kwa mwezi, karatasi moja yenye safu za tarehe, nani, kwa ajili ya nini, iliyoingia, iliyotoka na namba ya ankara ni mfumo kamili, almradi ashike kanuni mbili: muamala mmoja mstari mmoja, na hakuna mstari unaofutwa. Ukikosea, andika mstari wa pili unaobatilisha wa kwanza. Kinachoiangusha ni ukimya wake. Haijui kama umeruka mstari, kama jumla imeishia mstari wa 40 badala ya 41, au kama umeandika ankara mpya juu ya ya zamani. Hilo la mwisho lilimkuta Mike McDerment, aliyekuwa akiendesha kampuni ndogo ya usanifu huko Toronto mwaka 2003, na hasira yake ndiyo iliyozaa FreshBooks, programu ya ankara na hesabu. Wakubwa nao hawaponi. Oktoba 2020 nchini Uingereza karibu taarifa 16,000 za maambukizi ya korona ziliachwa nje ya hesabu kwa sababu zilipitishwa kwenye muundo wa zamani wa Excel, ambao hauvuki mistari 65,536. Faili lilijaa, likaendelea kutabasamu.

Dalili ya kuhama ni hii: mtu akikuuliza nani wote wanakudai na unawadai nani, ukashindwa kujibu ndani ya dakika moja, lahajedwali imekuzidi. Kuwa na bidhaa nyingi za kuhesabu stoo, au kodi inayodaiwa kwa kila mauzo, ni dalili nyingine.

Ukihama, kabla ya kusoma kurasa za bei zungumza na mhasibu wako. Programu anayoijua yeye ina thamani kuliko ile yenye sura nzuri zaidi, kwa sababu saa zake unazilipa wewe. Kama anatumia Xero, basi Xero imekwisha kushinda. Huduma hizi huvuta miamala kutoka benki zilizounganishwa nazo, hukumbusha wateja wanaochelewa kulipa, na hutoa ankara zenye namba zinazofuatana bila wewe kukumbuka ulifika wapi. Pale benki yako isipounganishwa, nusu ya faida hiyo haipo na unalipia fomu nzuri ya kujazia kwa mkono. Hakikisha hilo katika kipindi cha majaribio.

GnuCash inamfaa mwenye subira. Haina sura ya kuvutia na inadai uelewe kuingiza kila muamala pande mbili, lakini ukishaielewa ni mkali kama mhasibu wa zamani: kiasi kisicholingana hukiweka kwenye akaunti ya peke yake na kukiacha hapo mpaka ukitafutie maelezo. Inasoma mafaili ya benki ya CSV, QIF na OFX, na haina ada kabisa.

Sasa swali la pili. Bench ilikuwa kampuni ya Kanada iliyotunza hesabu za biashara ndogo kwa programu yake yenyewe. Tarehe 27 Desemba 2024 ilifunga ghafla, msimu wa kodi ukiwa mlangoni. Siku chache baadaye ilipata mnunuzi, lakini kwa siku hizo wateja wake hawakujua kama vitabu vyao vitarudi. Intuit nayo, kampuni kubwa isiyo na dalili ya kufa, iliacha kuuza Marekani usajili mpya wa matoleo mengi ya QuickBooks ya kusakinisha mwishoni mwa Septemba 2024, ikiwasukuma watu kwenye ya mtandaoni. Ukubwa wa kampuni, kama unavyoona, haukuhakikishii kitu.

Kwa hiyo, ndani ya siku za majaribio, ingiza miamala michache na picha mbili tatu za risiti, kisha jaribu kuvitoa vyote. Ripoti ya mapato na matumizi itatoka bila shida. Angalia kama orodha nzima ya miamala inatoka kwa CSV, kama ankara zinatoka kama PDF kwa mafungu au moja moja, na kama picha za risiti zinatoka kabisa. Huduma ikishindwa jambo la mwisho, bado unaweza kuitumia. Tunza tu risiti kwenye folda yako, na kwenye huduma utume nakala.

Kusawazisha si kuhifadhi

Google Drive, OneDrive na Dropbox huhakikisha kwamba kilicho kwenye kompyuta hii ndicho kilicho kwenye ile. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, zitahakikisha imefutika pia kote. Pipa la takataka la Google Drive hushikilia vitu kwa siku 30, na ukigundua baadaye ya hapo umechelewa. Diski ya nje inayopokea nakala kwa Time Machine ya Mac au File History ya Windows hushikilia matoleo ya nyuma, lakini ikikaa mezani kando ya kompyuta, mwizi huondoka na zote mbili.

Tumia vyote viwili. Usawazishaji unajibu siku ya kompyuta kuvunjika, diski inajibu siku ya kufuta kimakosa, na diski ya pili iliyo jengo jingine inajibu siku ya moto. Flashi usiihesabu, ni ya kusafirishia mafaili tu.

Nywila nazo ziingie humu. Bitwarden, programu ya kutunza nywila, husawazisha kwenye vifaa vyote na toleo lake la bure linatosha mtu mmoja. KeePassXC huweka kila kitu kwenye faili moja lililofungwa, unalolibeba mwenyewe. Wizi wa mwaka 2022 kwa LastPass, huduma nyingine ya nywila, ambapo nakala za hifadhi za wateja zilichukuliwa, uliwafanya wengi wapende ile ya pili. Mimi bado nampa asiye mtundu wa kompyuta Bitwarden, maana faili la KeePass lililopotea halina wa kupigiwa simu.

WhatsApp Business au barua pepe ya jina lako

WhatsApp Business, iliyoanza Januari 2018, ina katalogi, majibu ya haraka na lebo za kupanga wateja, na ndiko wateja wengi waliko. Kwa mazungumzo ya kila siku sioni cha kuishinda. Ila imefungwa kwenye namba moja, na akaunti ikizuiwa, hata kwa makosa, mazungumzo yote ya biashara yanasimama mpaka rufaa yako isikilizwe. Orodha ya wateja, na namba zao, iwe pia mahali pengine.

Barua pepe ya bure inayoishia kwa jina la kampuni nyingine inafanya kazi, lakini huwezi kuihamisha. Mwenye kikoa chake, yaani anwani inayoishia kwa jina la biashara yake, anaweza kutoka Google kwenda Microsoft kwenda Zoho bila mteja hata mmoja kujua. Januari 2022 Google ilipotangaza kwamba biashara zilizokuwa zikitumia toleo la bure la G Suite, kifurushi chake cha barua pepe na ofisi, zitaanza kulipa, zile ambazo hazikutaka zilibadilisha mipangilio ya kikoa, zikahamisha barua za zamani na kuendelea na anwani zile zile.

Kikoa kisajiliwe kwa jina lako, si la aliyekutengenezea tovuti, na anwani ya mawasiliano kwa msajili isiwe ya kikoa hicho hicho. Kikiisha muda, barua zake zinaacha kufika, pamoja na ile ya kukukumbusha ulipie.